Mgeni Kwenye Mistari

Kwa miaka yote niliyofanya kazi na mwalimu wangu, nilichokijua vizuri zaidi kwake ni sauti na viatu. Sauti ilitoka upande wa pili wa pazia la kijani. Viatu vilionekana chini ya pindo la pazia hilo, vyeusi, vimepigwa kiwi hata katika miezi ambayo vumbi la Garissa linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi lililofunikwa. Viatu vikitulia nilijua anasoma mistari kwenye kompyuta. Kimoja kikianza kugonga sakafu kwa kisigino nilijua ameona kitu kilichomtia hofu. Hofu yake ilikuwa ya kuambukiza, nami huku ndani nilianza kupima upya kichwa cha mgonjwa.

Sisi Wasomali mtu akija kwetu, kabla hajamaliza kuketi tumeshamuuliza ni mwana wa nani, wa nani, wa nani, mpaka tumfikishe kwa babu ambaye hata yeye mwenyewe hajapata kumsikia. Huyu sikumuuliza. Nilijua ni Mkamba, ni Mkristo wa kwenda kanisani Jumapili na kukaa karibu na mlango, na kwamba aliletwa huku kikazi kama wanavyoletwa walimu na makarani wa bara, akakaa kuwapita wote walioletwa naye. Nilimwita Mwalimu. Wagonjwa walimwita daktari, naye kila mara alikana. "Mimi si daktari, mimi ni mpiga picha wa umeme wa kichwa," alisema, jambo ambalo liliwatisha zaidi.

Kazi yetu yenyewe ndiyo hiyo. Ubongo una umeme mdogo sana. Unabandika vikombe vidogo vya madini kichwani kwa dawa nzito kama uji, kila kikombe na waya wake, nyaya zinaingia kwenye mashine, na kwenye skrini inatokea mistari inayotembea. Mtu mwenye kifafa, hata akiwa amelala kimya, mistari yake inaweza kumsema. Shida ni kwamba umeme wa ubongo ni mnong'ono, na mwili mzima ni soko. Jicho likipepesa, taya likibana, jasho likitiririka, moyo ukidunda, jenereta ikiguruma nyuma ya jengo, vyote vinaandika juu ya mistari ileile. Kabla daktari hajasoma lazima mtu akae atenganishe mnong'ono na kelele. Mtu huyo alikuwa yeye.

Pazia liliwekwa kwa ajili ya mume mmoja kutoka upande wa Wajir, mwenye mifugo mingi na maneno machache. Alimleta mkewe anayeanguka, akatazama vikombe, akatazama mikono ya Mwalimu, akasimama mlangoni.

"Mimi sikatai hosbitali," alisema. "Lakini mwanaume kushika kichwa ya bibi yangu, hiyo habana."

Mwalimu hakubishana naye. Aliwaomba warudi siku nyingine, na wakubwa wa hospitali wakatafuta msichana wa kushika vichwa vya wanawake. Ndivyo nilivyotolewa kliniki ya Bura, nilikokuwa napima watoto uzito, nikaletwa mjini. Alinifundisha kila kitu bila kuniona nikikifanya. Nilipima kichwa cha mama mgonjwa kwa futi ya fundi cherehani, kutoka kwenye mzizi wa pua mpaka kwenye kifundo cha kisogo, nikataja urefu. Yeye kule nje aligawanya akanirudishia namba, nami nikaweka alama kwa penseli. Nywele zetu huku zina samli, zina hina, na kikombe kwenye samli hakishiki. Nilijifunza kusugua mpaka ngozi ionekane, huku nikiomba radhi kwa Kisomali, naye kule nje akiomba radhi kwa Kiswahili.

Mkono wake sikuwahi kuushika hata kwa salamu. Asubuhi aliweka kiganja kifuani, nami nikaweka changu, tukaanza kazi.

Alikuwa mwoga, na sisemi kwa kumsengenya kwa sababu alilisema mwenyewe. Aliogopa paka. Aliogopa wale ndege wakubwa, kongoti, wanaosimama juu ya paa la jikoni ya hospitali kama wazee waliofiwa, alidai wanamkagua. Aliogopa barabara kuliko vyote, na hapo sina la kumcheka. Mtu wa bara anayepanda basi huku anajua kwamba likisimamishwa porini na wenye bunduki, yako maswali ya dini atakayoulizwa yeye ambayo mimi sitaulizwa, au nitaulizwa nikayajibu. Kila alipokwenda likizo nilikaa na simu mkononi mpaka aandike, "Nimevuka." Alimaanisha daraja la Tana. Neno hilo moja lilinitosha kuweka simu chini nikapike.

Hata hivyo tulipotakiwa kwenda Dagahaley na mashine ndogo, kupima wagonjwa wa kambi ya wakimbizi, hakukataa hata mara moja. Tulikwenda kwenye msafara wa polisi. Alikaa kiti cha katikati, macho ameyafumba, mashine ameipakata. Nilimtania.

"Mwalimu, weka chini hiyo. Ikivunjika wataleta nyingine."

"Na mimi nikivunjika?"

"Wewe pia wataleta mwingine."

Alicheka akiwa amefumba macho vilevile, lakini mashine hakuiachia. Nilipomuuliza jioni, tuko salama tunakunywa chai, kwa nini mwoga kama yeye anakubali safari ya namna ile, alinijibu kwamba mwoga akikaa nyumbani hofu inamkalia kichwani, afadhali aitembeze.

Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni pikipiki yake. Ilikuwa nyekundu, kuukuu, na aliipenda kuliko inavyostahili. Kazi ikiisha alivaa kofia ngumu akashuka nayo njia ya mtoni, peke yake, polepole, akipita mashamba ya maembe na migomba ya watu wa kando ya Tana. Alisema pale ndipo kichwa chake kinaponyamaza. Mtu aliyeishi kwa kuogopa namna ile alikuwa na nusu saa yake ya kutoogopa, na ilikuwa juu ya magurudumu mawili. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Mwanzoni zile kelele za mwili alikuwa akiziita uchafu. "Safisha uchafu kwanza," aliniambia, nami nikasafisha. Aliliacha neno hilo kwa ajili ya yule mke wa mtu wa Wajir, ambaye alirudi kama alivyoahidi.

Nilimbandika, nikatoka nje ya pazia kumwachia utulivu. Mistari ikaanza, na katika mistari hiyo mawimbi makubwa, mazito, yanayopanda na kushuka taratibu mbele ya kichwa. Kisigino cha Mwalimu kikaanza kugonga. Mawimbi mazito ya namna ile kwa mtu aliye macho si habari njema. Yanaweza kuwa uvimbe, yanaweza kuwa ubongo unaozama. Alibadilisha hiki na kile, yakabaki. Aliniambia kwa sauti ya chini niandae maneno ya kumwambia mumewe ampeleke Nairobi haraka. Nilitazama mlango, maana yule mama alikuwa na mtoto mchanga nje, analia.

Kisha akajizuia. Ulimi nao una umeme, alinieleza. Ukigonga meno mtu akizungumza unatupa mawimbi yanayofanana kabisa na ya ugonjwa. "Lakini hazungumzi," nilimwambia. Kweli, ndani kulikuwa kimya. "Mwambie aseme la-la-la, tuone yanafananaje," akasema. Nikaingia. Yule mama alikuwa amefumba macho, midomo imefungwa, na vidole vyake vikihesabu pingili moja baada ya nyingine.

"Abbaayo, dada yangu, unasoma?" nilimuuliza.

"Tangu nilale," alisema. "Nyinyi mmenifunga nyaya kichwani. Nisimtaje Mungu?"

Alikuwa akileta dhikri kwa ulimi peke yake, midomo haifunguki. Nilipotoka kumweleza Mwalimu, alikaa kitako. Uso wake, ambao siku zote uliogopa yajayo, safari hii uliogopa lililokuwa nyuma yake. Alikuwa amekaribia kumpeleka mtu Nairobi kwa sababu ya jina la Mungu.

"Mwambie amalize kwanza," alisema. "Tutangoja."

Tukangoja. Alipomaliza, mawimbi yale yalikwisha kama mvua ya huku, ghafla, na chini yake ikabaki mistari ya kawaida na kidonda kidogo cha kifafa, kinachotibika kwa vidonge. Tangu siku hiyo neno uchafu halikutumika chumbani mwetu. Aliona aibu kuita dhikri ya mtu uchafu. Tukaanza kusema wageni. Jasho mgeni, jicho mgeni, jenereta mgeni. Na msemo wake ukawa huo: usimfukuze mgeni kabla hujamuuliza katoka wapi.

Nafikiri neno lilimkaa rohoni kwa sababu nyingine pia. Mwenye duka la maziwa ya ngamia karibu na lango alimsalimu kila asubuhi, "Karibu, mgeni wetu," baada ya miaka yote ile. Sisi tuliozaliwa huku tunalisema kwa wema. Yeye alilisikia kwa masikio ya mtu anayekaa karibu na mlango wa kanisa. "Bado mgeni," aliniambia siku moja akifuta maziwa mdomoni. "Lakini hawajanifukuza."

Msemo wake wa pili ulikuwa swali. "Umesimama wapi?" Nilipomwambia kwamba mistari ya mgonjwa huyu ni mikubwa upande wa kushoto, aliuliza, umesimama wapi? Nilipomwambia watu wa bara wanatudharau, aliuliza hilohilo. Lilitoka kwenye kazi. Umeme haupimwi peke yake, unapimwa tofauti ya mahali na mahali, kama vile huwezi kusema mtu ni mrefu bila kumsimamisha karibu na kitu. Kwa hiyo kila kikombe kinalinganishwa na kikombe kimoja kilichochaguliwa, ambacho tunakiita egemeo, na mara nyingi huwa ni kile cha sikioni, kwa kudhani sikio halina maneno mengi.

Kudhani huko kuliwahi kumtia aibu. Alikuja mfanyabiashara wa ngamia kutoka kwetu Bura, mwenye kuzubaa katikati ya bei, wateja wakadhani ni ujanja. Mwalimu alimpima kwa egemeo la sikio. Mistari yote ya upande ule ikaruka pamoja, na akaandika kwamba ugonjwa umeenea upande mzima. Daktari wa Nairobi, ambaye ndiye tuliyempelekea mistari aisome, alimpigia simu akamuuliza kwa upole kama amejaribu egemeo lingine. Hakuwa amejaribu. Alipolinganisha kila kikombe na wastani wa vikombe vyote, ile mistari iliyokuwa ikiruka ikatulia mmoja mmoja, akabaki mhalifu mmoja tu, juu kidogo ya sikio lilelile tulilolifanya shahidi. Ugonjwa ulikuwa jirani ya egemeo, ukaliambukiza, nalo likawaambukiza wote.

"Ukimfanya mwizi kuwa shahidi," alinieleza Mwalimu siku ile, "atakuambia mtaa mzima ni wezi." Baada ya hapo hakuna aliyetoka chumbani kwetu bila kutazamwa kutoka sikioni, kutoka utosini, na kutoka kwenye wastani wa wote. Wagonjwa walinung'unika kwamba tunachelewa. Mama yangu naye alininung'unikia nyumbani, akisema nisimletee hao wageni ninaowatoa kwenye vichwa vya watu.

Kisha vijana wa kompyuta kutoka Nairobi wakatuletea programu mpya. Inatenganisha vilivyochanganyika, kama mtu aliyesimama nje ya nyumba ya arusi akatambua sauti ya kila mama, halafu inapaka wekundu wale inaodhani ni wageni. Unabonyeza, wanatoweka, mistari inabaki mizuri kama daftari la mwanafunzi bora. Mimi niliipenda. Yeye aliketi mbele yake kama aliyeketi mbele ya paka.

"Inafuta vizuri mno," alisema.

"Si ndiyo kazi yake, Mwalimu?"

Aliondoa mkono kwenye kipanya. Kisha akanieleza, akiwa amekazia macho kibodi. Kabla hajaja huku, katika hospitali nyingine, aliletewa mtoto wa kike asiyetulia, anapepesa macho bila kukoma. Mbele ya kichwa kulijaa mirindimo ya kope, naye alikuwa kijana na alipenda kazi safi. Akaifuta yote. Chini ya kope kulikuwa na kitu kingine kidogo, kinachofanana nazo, akakifuta pamoja nazo. Karatasi ikasema mtoto ni mzima. Mama yake akamwacha peke yake karibu na moto wa kuni.

Sikumuuliza kilichofuata. Huku kwetu kila anayemjua mwenye kifafa anajua moto unafanya nini. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu yule anaogopa paka na kongoti na barabara: hofu yake ya kweli ilikuwa moja, na hizo nyingine zilikuwa watoto wake. Kuanzia siku hiyo na mimi nikaogopa kubonyeza. Kila faili tuliihifadhi mara mbili, iliyofutwa na mbichi, na daktari alipelekewa zote mbili hata kama hakuomba.

Sasa nifike kwenye siku ile sauti yake ilipokatika.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilikuwa nimeinamia kichwa cha binti wa kambi ya Ifo, Mwalimu nje ananitajia vipimo. Akaanza kutaja kimoja, akanyamaza katikati ya neno. Nilingoja nikidhani anapiga hesabu. Nikangoja. Dawa kwenye kidole changu ikaanza kukauka.

"Amekwenda?" yule binti aliuliza.

Viatu vilikuwepo chini ya pazia, vimetulia. Nilifungua ncha ya pazia kwa vidole viwili. Alikuwa amesimama wima, macho wazi, hayanitazami wala hayatazami kitu. Midomo yake ilikuwa inachezacheza kama anayeonja chumvi, na mkono wa kulia ulikuwa unashika kifungo cha shati, unakiacha, unakishika. Nilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kujua, akiigiza mbele yangu midomo hiyohiyo na kifungo hichohicho ili nisije nikaipita. Nilisimama pale nikiwa nimekamata pazia. Halafu akavuta pumzi, akamaliza lile neno na kutaja namba, ambayo haikuwa sahihi.

Nilimwambia mchana huohuo. Nilitafuta maneno laini, nikakosa, nikamwambia kama yalivyo. Alikasirika, na sikuwahi kumwona akikasirika.

"Nilikuwa nawaza."

"Midomo ilikuwa inacheza, Mwalimu."

"Kwa hiyo sasa mimi nina kifafa? Mtu wa umri wangu?"

Alichukua kofia yake akaondoka kwa pikipiki kabla ya saa ya kazi kwisha. Nilibaki na hofu ambayo sijui niielezeje. Njia ile ya mtoni ina kona, upande mmoja ni mto, na mtu anayetoweka katikati ya neno anaweza kutoweka katikati ya kona. Nilimfikiria pia akiwa peke yake chumbani kwake, jiko la makaa miguuni. Kila asubuhi nilisikiliza mlio wa pikipiki langoni kabla sijajifunga mtandio vizuri. Ukisikika nilisema Alhamdulillahi. Akaacha kunitania, nami nikaacha kumtania. Mwenye duka la maziwa aliniuliza mbona mgeni wetu siku hizi hajibu salamu.

Alikuja mwenyewe. Wagonjwa walikuwa wamekwisha, alasiri, joto la kuyeyusha gundi. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Alisema alijikuta amesimama ukingoni mwa Tana, miguu ndani ya maji, pikipiki nyuma yake imewashwa, na hajui aliiachaje njia. Kina mama waliokuwa wakifua ndio waliokuwa wakimwita.

"Mmoja aliniambia, bole, mzee," alisema. "Nikamuuliza pole ya nini."

Kisha akasema, "Nipime."

Tulitazamana. Mwanamume mwingine wa kumshika kichwa hakuwepo. Wagonjwa wanaume siku zote aliwabandika yeye. Nilivaa glavu. Sisi tuna neno la wakati kama ule, dharura, inayofungua kilichokatazwa, nikalisema moyoni. Akaingia ndani ya pazia, upande ambao si wake, akavua viatu akaviweka sambamba, akalala. Kichwa cha mtu uliyemwogopa na kumheshimu miaka mingi ni kidogo kuliko unavyodhani. Kilikuwa na kovu la zamani nyuma ya sikio. Alitetemeka nilipomgusa, nami nilitetemeka, na kwa muda tukawa wawili tunaotetemeka juu ya kazi tunayoijua vizuri kuliko watu wote wa mji ule.

"Funga pazia," alisema nilipomaliza. Nikatoka, nikaketi kwenye kiti chake.

Mistari ilipoanza, mbele ya kichwa yakatokea mawimbi mazito, yanapanda na kushuka taratibu. Nilisogea karibu na skrini. Kisha nikakumbuka.

"Mwalimu. Unaomba?"

"Naomba."

"Maliza kwanza. Nitangoja."

Nikasikia anapumua. Nilingoja. Yale mawimbi yakapungua, yakaisha, na chini yake, upande wa kushoto juu ya sikio, kikabaki kitu chembamba, chenye ncha, kinachokuja na kwenda.

"Unaona nini?" sauti yake iliuliza kutoka ndani. Kisigino changu kilikuwa kinagonga sakafu. Bila shaka alikisikia.

"Kushoto, Mwalimu. Ncha."

"Ni jasho."

Jasho halina ncha, na yeye alilijua hilo kabla sijazaliwa kwenye kazi hii. Hata hivyo nilimwashia feni, nikaingia nikampangusa kwa spiriti, nikatoka. Ncha ikaja. Akasema ni taya. Nilimwambia aachie mdomo wazi. Ikaja. Akasema ni kope, nikamwekea pamba juu ya macho. Ikaja. Akasema ni moyo, nikaufungua mstari wa moyo nikauweka chini yake. Kila mstari ulikwenda njia yake.

"Ni egemeo," alisema. Sauti ilikuwa imekuwa nyembamba. "Sikio langu hilo lina kovu. Halishiki vizuri. Badilisha."

Nikabadilisha. Kutoka utosini, ilikuwepo. Kutoka kwenye wastani wa wote, mistari mingine ikalala chini kama watu waliosema ukweli wakaachiwa waende, nayo ikabaki peke yake, imesimama.

"Ipitishe kwenye ile programu," alisema. Halafu akatoa amri ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Futa, Habiba."

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya cha kompyuta. Programu ilikuwa imeshaipaka wekundu. Ingechukua mbonyezo mmoja, na mwalimu wangu angeondoka mzima, angepanda pikipiki yake, angeshuka njia ya mtoni akapite migomba. Niliogopa vile ninavyoogopa sasa nikisimulia. Niliona moto wa kuni wa mama nisiyemjua.

"Nimemuuliza, Mwalimu," nilimwambia. "Nimemuuliza kila namna. Huyu si mgeni."

Nilisikiliza pumzi yake. Sikujua kama analia au ametoweka tena, na nilianza kunyanyuka.

"Umesimama wapi?" aliuliza.

"Kila mahali."

"Na yupo?"

"Yupo."

Nyaya zikachakarika, kitanda kikalia. Chini ya pindo la pazia, kando ya vile viatu vyeusi, ukatokea mkono wake, kiganja juu, na ndani yake ufunguo wa pikipiki. Uliningoja pale. Nilipiga magoti nikaupokea kwa mikono miwili.